Kujua kusoma ukubwani na afya ya Waaborijini: natafuta pa kuanzia, watu wa Tanga nisaidieni

BintiSahare

Habarini humu, wakubwa zangu shikamooni. Mie ni nesi hapa Tanga mjini na nasoma shahada ya pili ya afya ya jamii kwa mtandao, chuo kiko Australia, kwahiyo vipindi nasikiliza usiku nikitoka zamu, huku saa nne usiku kule kwao ndo alfajiri, na bando mnalijua linavyokwenda. Sasa nimepewa kazi ya kuandika andiko la utafiti, maneno elfu tano, mada ni jinsi kujua kusoma na kuandika kwa watu wazima kunavyogusa afya kwenye jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Supavaiza kanambia leta hoja yako, usinirudishie nilivyokusomesha. Hapo ndo nimekwama, wiki ya pili hii.

Nilichokusanya ni hiki. Watoto wa Kiaborijini na wa visiwa vya Torres Strait waliozaliwa kati ya 2020 na 2022 wanatarajiwa kuishi miaka 71.9 kwa wa kiume na 75.6 kwa wa kike, yaani pungufu ya miaka 8 hadi 9 ukiwalinganisha na Waaustralia wengine, na nchi yenyewe tajiri ile. Figo, kisukari, na ule ugonjwa wa moyo unaoanza na mafindofindo yasiyotibiwa, ambao kwa wazungu wao umebaki kwenye vitabu tu. Halafu upande wa pili wanakadiria kama asilimia 40 ya watu wazima wa Kiaborijini wanasoma Kiingereza kwa shida, na vijiji vya mbali ni zaidi. Haya, hiki nimekiweka hapa na kile pale, katikati peupe. Mtu asiyejua kusoma anaumwaje figo? Nini kinatoka kwenye herufi kikafika kwenye figo?

Na niseme ukweli mada hii nliichagua mwenyewe kwenye orodha, kisa bibi mmoja wa kliniki ya kisukari. Bibi msafi, buibui limenyooka, kadi kaifunga kwenye leso. Tarehe anaijua lakini kila mwezi anafika kliniki imeshafungwa, tunamrudisha, na kwenye rejesta tunaandika hafuati miadi. Mwezi wa tatu nikakaa nae kwenye benchi nikamwambia bibi nioneshe kadi. Imeandikwa 8:00. Na yeye kaja saa nane mchana. Miezi mitatu bibi wa watu anatoka Mwambani na nauli yake, anafika saa nane juu ya alama, anakuta mlango una kufuli.

Nikajaza fomu yake upya, pale kwenye elimu nikaweka tiki hajui kusoma. Ndo tangu siku hiyo kichwa hakitulii. Je naweza kumtumia bibi huyu kwenye andiko la Waaborijini au ntachekwa? Na mtu wa Tanga ana haki gani ya kuwaandika watu ambao hajawahi hata kukanyaga kwao?

Waja_Leo

Mwenzangu si uandike matende na mabusha ya hapahapa, Waaborijini wa nini tena, Australia na Sahare wapi na wapi. Au ndo mambo ya kutafutia viza haya 😂

BabuWaBarabaraYaTisa

Marahaba mwanangu. Usimsikilize huyo hapo juu, hajui kuwa Tanga hii ilishasomesha dunia.

Kwanza nikusahihishe kidogo usinune. Bibi huyo kasoma sawasawa. 8 ni nane, na nane Kiswahili ni saa nane, mchana jua la utosi, toka enzi za babu zetu. Aliyekosea ni alieandika saa ya Kizungu kwenye kadi ya Mswahili. Weye ukamwekea tiki ya hajui kusoma kwa kosa la kalamu ya mtu mwingine. Hilo liandike kwenye karatasi yako hata kama supavaiza hatalipenda.

Sasa nikupe ya zamani. Mwaka 1970 Mwalimu aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, maana sensa ya 1967 ilionesha watu wazima wasiojua kusoma ni kama asilimia 67. Halafu 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Mie nlikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, darasa la saba nimemaliza, nikateuliwa kiongozi wa kikundi kwenye kijiji kimoja upande wa Maramba. Kazi yangu kuwasha redio, kusoma kitabu kwa sauti, na kuhakikisha mjadala haugeuki ugomvi wa mipaka ya mashamba. Wiki 12. Nchi nzima walihudhuria kama watu milioni 2, na redio yenyewe ya betri, ikianza kukoroma tunazianika betri juani zinapata nguvu ya kipindi kimoja tena.

Kitabu kilikuwa na herufi kubwa kwa ajili ya waliotoka kujifunza kusoma juzi. Malaria, kuhara, kichocho, safura, kifua kikuu. Siku ya safura nikasoma, mdudu anaingia kwa unyayo, vaeni viatu. Kimya. Kuna mama mmoja, herufi hata moja hajui, akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hivyo viatu tutavaa vya nani?" Watu wakacheka, afu wakaacha kucheka. Kwakweli sikuwa na jibu. Tukakaa pale mpaka magharibi, mwisho tukakubaliana viatu hatuna lakini majembe tunayo, tuchimbe vyoo, mdudu asipate pa kuanzia. Na vikachimbwa, nyumba kwa nyumba, mwenye mgongo mbovu akachimbiwa na jirani.

Sasa niambie, kilichochimba choo ni herufi au ni kile kikao? Mie mpaka leo nasema ni kikao. Herufi zilikuwa kisingizio cha kutukusanya. Na mama yule ndo aliekuwa msomi wa kikundi.

Mmatumbi_wa_Darwin

Salaam toka Darwin, kaskazini mwa Australia, joto huku linafanana na Tanga kabisa hata maembe yapo, ila mihogo ya nazi hakuna wa kukupikia.

Dada nakupa vya huku nilivyoviona kwa macho na nilivyovisoma. Mie nafanya kazi ya kuhudumia wazee mwaka wa sita huu. Kwanza kabisa, usiandike kana kwamba Waaborijini ni kabila moja. Kabla ya wazungu kulikuwa na lugha zaidi ya 250 na mpaka leo huku kaskazini mtu anaweza kuongea lugha tatu nne za kwao, Kiingereza kikawa cha tano. Kwahiyo ukisema "hajui kusoma" jiulize hajui kusoma nini, cha nani. Mzee nliekuwa namuogesha alikuwa anajua kila kisima cha maji nchi ya kwao, na hadithi yake, na nani ana haki ya kuisimulia, lakini kwenye fomu ya hospitali alikuwa sawa na bibi yako.

Hilo swali lako la herufi na figo kuna watu walilifanyia kazi hapahapa Darwin, matokeo yakatoka 2002. Walichukua wagonjwa wa Kiyolŋu, Waaborijini wa Arnhem Land huku kaskazini, watu wa kusafishwa damu kwa mashine, wakarekodi kwa video mazungumzo yao na wahudumu, kisha wakawahoji pande zote mbili wakitumia lugha yao. Walichokuta kinatisha, kutoelewana kumejaa kila mahali na wenyewe hawajui kama hawajaelewana. Daktari anatoka anasema kaelewa huyu. Mgonjwa anatoka hana picha ya figo ni kitu gani na kwanini damu inazungushwa nje. Na hao si watu wa jana kwenye mashine, wapo waliokaa miaka.

Na hapo kuna kitu sisi Waswahili tunakijua vizuri sana, ile "ndio" ya adabu. Daktari anauliza umeelewa, unajibu nimeelewa ahsante daktari, unafika nje unamuuliza mtu wa bodaboda amesemaje yule. Huku nako ipo, mtu anakubali ili mazungumzo yaishe salama. Ukiwa huwezi kusoma karatasi uliyopewa, ile "ndio" inakuwa ndo dawa uliyoondoka nayo. Hiyo ndo moja ya njia zako toka kwenye herufi mpaka kwenye figo, sio kwamba hujui kusoma ndo unaumwa, ni kwamba huna pa kurudia baada ya mlango kufungwa. Chukua na ule ugonjwa wa moyo, kinga yake ni sindano ya penisilini kila baada ya siku 28 kwa miaka mingi, sasa hesabu hizo kadi za miadi ni ngapi na kila moja imeandikwa kwa lugha ya ofisi.

Halafu Babu hapo juu utafurahi. Kuna kampeni ya kusomesha watu wazima ya Waaborijini wenyewe, ilianzia Wilcannia mwaka 2012, mji mdogo sana kwenye mto Darling, karibu kilomita 950 magharibi ya Sydney. Njia waliyotumia ni ya Kuba, ile ya masomo ya video yanayofunga namba na herufi kwa sababu namba mtu mzima anazijua tayari toka sokoni. Ilipita Timor-Leste kwanza toka 2007, walioiona kule ndo wakaisaidia kuja Australia. Alieiongoza ni Jack Beetson, Muaborijini wa watu wa Ngemba. Kinachofanyika kabla ya somo la kwanza ni watu wa mji huohuo kupita nyumba kwa nyumba kuongea na kila mtu, na wanaofundisha ni wa hapohapo, sio mwalimu wa kuletwa na ndege. Kwahiyo Babu, kikao chako kile cha Maramba kipo Wilcannia.

Kuhusu haki ya kuandika, swali zuri na huku wanaliuliza kwa ukali kwa sababu wamechunguzwa miaka na miaka na hawakuona faida. Kuna mwongozo wa maadili wa AIATSIS, taasisi ya masomo ya Waaborijini na watu wa Torres Strait, wa 2020, usome wote, na ule wa baraza la utafiti wa tiba wa 2018. Ukiandika andiko usiseme "ntaenda kuwapima", sema jamii itakaa vipi kwenye meza ya maamuzi toka siku ya kwanza na data zitabaki kwa nani. Huduma zao za afya wanazoziendesha wenyewe zipo toka 1971 pale Redfern, Sydney, usije ukawaandika kama watu wanaosubiri kuokolewa. Na jambo dogo ila kubwa, picha na majina ya marehemu huku hayatajwi ovyo, angalia unachobandika.

MuuzaDawaPangani

Mie niko duka la dawa, sina shahada ya pili, ila hili naliona kila siku. Kwenye bahasha tunaandika 1x3. Wewe nesi unajua maana yake, kimoja mara tatu kwa siku. Kuna baba alinunua dawa ya mtoto akaondoka, kesho kutwa karudi anasema haifanyi kazi, kumbe kampa kidonge kimoja kwa siku, siku tatu, basi. Na yeye kusoma anajua vizuri, magazeti ya michezo anamaliza! Alisoma moja, akasoma tatu, hiyo x hakuna aliyemwambia ni nini.

Tangu hapo nachora. Jua linachomoza, jua la utosi, mwezi. Msaidizi wangu alicheka sana mwanzoni, akasema bosi unafungua chekechea. Sasa hivi hata waliosoma wanaomba wachorewe.

Na mkumbuke ile ya kumeza dawa za matende hapa kwetu, Mectizan wanakupima kwa fimbo ya urefu, unasimama, rangi au alama inayofikia kichwa ndo idadi ya vidonge vyako. Fimbo ile haimuulizi mtu kasoma darasa la ngapi. Aliyeibuni alijua anafanya nini.

Kalamu_na_Takwimu

Nimefurahi ila ngoja nimwage maji baridi kidogo maana mkiendelea hivi dada atafeli. Hadithi tamu lakini supavaiza atauliza swali moja, umejuaje ni kusoma na sio kitu kingine?

Tazama. Asiyejua kusoma mara nyingi ni mzee zaidi, maskini zaidi, anakaa mbali zaidi na hospitali, nyumba imejaa watu. Kila kimoja hapo kinaumiza afya peke yake. Ukichukua takwimu mbili, kusoma na kisukari, ukakuta zinakwenda pamoja, umepata kivuli, mti hujauona. Kwa Waaborijini kuna na kingine kikubwa, kwanini hawakusoma? Pale New South Wales, jimbo lenye Sydney, watoto wao waliweza kufukuzwa shule za serikali wazazi wa kizungu wakilalamika, na kifungu cha kumruhusu mwalimu mkuu kuwakataa kilibaki kwenye mwongozo wa walimu mpaka 1972. Aliyekataliwa mlangoni na miaka saba leo ni mtu wa miaka sitini na kitu, ndo huyohuyo mwenye kisukari. Sasa kinachomuumiza ni herufi alizokosa au ni kule kukataliwa, na nyumba, na kazi alizokosa baadae? Ukiandika kusoma peke yake umeisamehe serikali bila kujua.

Pili, watu wanachanganya. Kuna utafiti maarufu wa mwaka 1979 wa John Caldwell, Muaustralia, data zake za Nigeria, alionesha mama aliyesoma watoto wake wanakufa kidogo zaidi hata ukiondoa kazi ya baba na mahali wanapoishi. Kila mtu anautaja. Lakini yule ni mama aliyekwenda shule utotoni. Wewe swali lako ni mtu mzima anaejifunza na miaka hamsini. Si kitu kimoja hata kidogo. Usimchukue Caldwell ukamvalisha kanzu ya elimu ya watu wazima.

Tatu, wanaojiandikisha darasani wenyewe wana nguvu na hamu tayari, aliye kitandani hajiandikishi, kwahiyo ukiwalinganisha na wasiokuja umeshadanganyika. Na mji kama Wilcannia hauna hata watu elfu moja, huwezi kugawa nusu huku nusu kule kama panya, tena hawatakubali na wana haki. Njia yako ni kuwafuata watu walewale kabla na baada, mwaka hata miwili, namba chache na mazungumzo mengi.

Na mwisho, mgawanyo wa Don Nutbeam wa mwaka 2000 utakusaidia. Yeye uelewa wa afya kaugawa ngazi tatu, kusoma na kuelewa maelekezo, kuweza kuzungumza na kujadiliana na watu wa afya, halafu ngazi ya juu ni kuhoji na kubadilisha mambo yenyewe. 1x3 ya Pangani ni ngazi ya kwanza. "Ndio" ya adabu ni ya pili. Mama wa viatu wa Babu yuko ngazi ya tatu bila kupita ya kwanza. Hapo mie nimekaa kimya nafikiri, maana ngazi zile huwa tunazifundisha kama za nyumba, huwezi kupanda ya tatu hujakanyaga ya kwanza.

BabuWaBarabaraYaTisa

Takwimu nimekuelewa na sikatai, vijana mmesoma. Ila hapo unaposema umejuaje ni kusoma, mie nakurudishia, umejuaje ni darasa? Kipime na kikao. Chukua watu waliokaa pamoja wiki kumi na mbili wakiongea habari za miili yao bila kufundishwa hata a, uone. Nina hakika.

Kalamu_na_Takwimu

Babu una hakika ila huna kundi la kulinganisha 😀 Hata hivyo umenipa kitu. Mtu akimaliza somo akapona, tujue ni herufi au ni watu aliokaa nao. Hilo ndo swali lenyewe dada! Acha "kusoma kunagusaje afya", ni pana kama bahari. Uliza ndani ya darasa la watu wazima nini kinabadilika kwanza, kusoma karatasi ya dawa au kuthubutu kumuuliza daktari. Ukipata kipi kinatangulia umepata maneno elfu tano yako na chenji inabaki.

BabuWaBarabaraYaTisa

Kuthubutu. Andikeni hapo, mtaniambia.

Mmatumbi_wa_Darwin

Naongezea moja tu kabla sijaingia kazini. Dada ukifika kwenye kupima, usiweke swali la "unajua kusoma" mbele. Huku mtu atakwambia miwani kasahau nyumbani, ndo neno lao. Aibu inaficha kuliko ugonjwa. Wale wa Wilcannia wanaanza na mazungumzo ya kawaida mlangoni, na anaeuliza ni jirani yake.

MuuzaDawaPangani

Miwani hiyo hata Pangani tunasahau sana 😂😂

BintiSahare

Ahsanteni sana jamani, Babu shikamoo tena. Samahani nimechelewa kurudi, zamu zilibana, na nilikuwa nasubiri siku ya kliniki.

Swali la Takwimu nimelichukua, nimemtumia supavaiza usiku wa jana kakubali, kasema hilo la kipi kinatangulia litafutie njia ya kulipima na jamii ndo iseme kipimo gani kina maana kwao. Caldwell nimemvua kanzu. Wayolŋu wa 2002 ntawatumia kama msingi maana ndo pekee walionionesha katikati ile niliyosema peupe. Na 1972 ile sikuijua kabisa, nimeitafuta nikaikuta, nikafunga kompyuta nikaenda kulala.

Sasa bibi. Leo kaja asubuhi, safari hii nlimwandikia mwenyewe kwa maneno, saa mbili asubuhi. Kafika saa moja na nusu, wa kwanza kwenye benchi. Sukari imeshuka kidogo. Nikamuuliza dawa anakunywaje, yeye hupewa 1x2, nilitaka kumchorea jua na mwezi kama wa Pangani, kalamu nimeshaishika. Akanambia ngoja mwanangu, akafungua leso, akageuza kadi nyuma.

Nyuma kumejaa. Mistari minne mitano kwa kalamu ya risasi, maandishi ya Kiarabu, mazuri, yamenyooka kuliko ya daktari. Nikaitazama, nikaigeuza juu chini, sijui hata pa kuanzia, mie na vyeti vyangu vyote. Nikamwambia bibi hii ni dua? Akacheka mpaka akashika kifua. Akaweka kidole kulia akanisomea polepole, na ni Kiswahili kitupu: kimoja baada ya chai, kimoja baada ya magharibi, na chakula, usinywe na njaa. Chini yake kaandika siku alizorudishwa, zote tatu, na nauli ya kila siku.

Nikamuuliza kajifunza wapi, akasema chuoni Tongoni, madrasa, kabla hajavunja ungo, mbona wote tulisoma.

Fomu bado iko kwenye faili na tiki yangu ile. Nimetafuta kisanduku cha kumhamishia, hakipo, kuna anajua na hajui tu. Wa masjala kanambia kama nataka kubadilisha niandike barua.

BabuWaBarabaraYaTisa

Andika. Na hiyo nyuma ya kadi mwombe ruhusa upige picha, jina ulifunike, ntakusomea neno kwa neno. Niko baraza ya kahawa barabara ya tisa kila jioni baada ya alasiri.